Wanawake wa Mlimani na Wajane wa Usukuma

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Tanganyika kupata uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifungua milango yake katika jumba la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria. Historia ya wanawake wa chuo hicho aghalabu huanzia hapo, nayo huelezwa kama historia ya vyeo: nani alitangulia kupata shahada, nani alitangulia kufundisha, nani alitangulia kuingia katika Baraza la Mawaziri. Historia ya namna hiyo ni ya kweli, na haina budi kuandikwa. Lakini katika makala haya nataka kupita njia nyingine. Wanawake hao wa chuo walijikusanya mara kwa mara katika vikundi na vyama ili wawatumikie wenzao wasiopata bahati ya kusoma. Nataka kuuliza waliwatumikia kwa lipi. Na swali hilo nataka kuliuliza nikiwa nimesimama Shinyanga, si Mlimani.

Naichagua Shinyanga, pamoja na nchi ya dhahabu iliyo magharibi yake, Kahama hata Geita, kwa kuwa huko mwanamke amepatwa na mambo mazito ambayo hayaponi kwa mawaidha. Huko ajuza ameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Huko mjane ametolewa nyumbani mwake kabla machozi ya matanga hayajakauka. Huko, tena, ardhi ambayo jana ilikuwa shamba la mahindi leo imekuwa machimbo, na thamani yake imepanda mara nyingi kwa siku moja. Huduma itakayopimwa hapo itaonekana uzito wake.

Kabla Mlimani haijajengwa, huduma ya wanawake kwa wanawake ilikuwa na sura yake. Mwaka 1951 Lady Twining, mke wa Gavana, aliasisi Baraza la Wanawake wa Tanganyika, na katika miaka hiyo hiyo maofisa wa maendeleo ya jamii walifungua vilabu vya wanawake wilayani. Humo wanawake walifundishwa kushona na kufuma, usafi wa nyumba, malezi ya watoto, na kusoma na kuandika. Baada ya uhuru, mwaka 1962, uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika chini ya Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyekuwa amekwisha kuonyesha katika mikutano ya TANU kwamba wanawake wanaweza kuitikisa dola. Hata hivyo vilabu vya kushona viliendelea. Sipendi kudharau kazi hiyo. Mwanamke aliyejua kushona alipata senti zake mwenyewe, na aliyejua kusoma hakudanganywa kwa barua. Ila huduma ile ilikuwa na wazo moja ndani yake, wazo ambalo lilidumu kwa muda mrefu hata chuoni: kwamba taabu ya mwanamke wa kijijini ni kutojua, na dawa yake ni kufundishwa.

Basi, wakati wanawake wakifundishwa kushona, jambo jingine lilikuwa likiandikwa ambalo lingewahusu kuliko cherehani. Mwaka 1953 Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu juu ya sheria na mila za Wasukuma. Waliomweleza mila hizo walikuwa hasa watu wa mabaraza, yaani wanaume wenye madaraka. Serikali ilipotaka kuziunganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziwe sheria moja, Cory ndiye aliyeishika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1962. Matunda yake yalitokea mwaka 1963 katika Tamko la Sheria za Mila, na sehemu ihusuyo wosia na mirathi ilitangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka huo.

Msomaji asiyelijua Tamko hilo yampasa alijue, kwa maana mengi ya makala haya yanazunguka hapo. Warithi wamepangwa katika daraja tatu. Mtoto wa kiume wa kwanza yu katika daraja la kwanza, watoto wengine wa kiume daraja la pili, na mabinti, hata wakiwa wakubwa kuliko ndugu zao wote, daraja la tatu. Ardhi ya ukoo binti aweza kuitumia lakini hawezi kuiuza. Ama mjane, yeye hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Maneno hayo yana utamu wa nasaha za wazee. Lakini mjane mwenye miaka 25, ambaye mtoto wake mkubwa hajaota meno ya pili, atatunzwa na nani? Mila, ilipokuwa haijaandikwa, ilikuwa na uwezo wa kuliangalia jambo kama hilo na kupinda kidogo kwa huruma. Ilipokwisha kuandikwa ikawa kifungu, na kifungu hakipindi.

Tamko hilo lilitoka miaka miwili baada ya chuo kufunguliwa, na chuo chenyewe kilikuwa na kitivo cha sheria. Hata hivyo ilipita miaka mingi kabla wanawake wa chuo hawajalikabili. Sababu moja ni uchache wao. Sababu nyingine ni kwamba katika miaka ya 1960 fikira za Mlimani zilikuwa juu ya ujenzi wa taifa zima, na mwenye kusema habari za wanawake peke yao alionekana kama anayeligawa taifa. Mwaka 1969 Marjorie Mbilinyi, mwalimu wa elimu katika chuo hicho, alichapisha kitabu kidogo juu ya elimu ya wasichana katika Tanzania. Kitabu hicho kilionyesha kwamba wasichana hawakuachwa nyuma kwa uvivu wala kwa upungufu wa akili, bali kwa hesabu ya jamaa iliyoona faida ya kazi na mahari kuwa karibu kuliko faida ya shule. Halafu likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililomtaka kila mwanafunzi afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Azimio hilo lilikuwa na nia njema, lakini wasichana waliokwenda kazini waliolewa wakazaa, na idadi yao chuoni ikashuka hata ikalazimu waruhusiwe kuingia moja kwa moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanawake waalimu na watafiti katika Taasisi ya Taaluma za Maendeleo walianza kukutana kama kikundi cha kujifunza habari za wanawake. Mwaka 1979 Mlimani palifanyika warsha juu ya masomo ya wanawake na maendeleo, na mwaka uliofuata kikatokea kikundi kingine kilichojulikana kwa herufi za WRDP, ambacho kazi yake ilikuwa utafiti na uhifadhi wa maandishi yanayowahusu wanawake. Hawakuwa na ofisi za fahari. Waliandika, walikusanya, walipanga majarida na ripoti ambazo zingepotea katika makabati ya wizara. Mwaka 1983 Ophelia Mascarenhas, mkutubi wa chuo, pamoja na Mbilinyi, walitoa bibliografia kubwa yenye maelezo juu ya maandishi yote waliyoweza kuyapata kuhusu wanawake wa Tanzania. Mwaka 1991 WRDP kikatoa kitabu cha maisha ya wanawake wa kawaida, kilichohaririwa na Magdalene Ngaiza na Bertha Koda, ambamo wanawake walisimulia habari zao wenyewe.

Kuna watu wanaouliza: je, hiyo ni huduma? Mwanamke wa Maswa anayetembea nusu siku kutafuta kuni atafaidi nini kwa bibliografia? Nimelisikia swali hilo mara nyingi, na kwa kawaida huulizwa na watu ambao wenyewe hawajapeleka hata mzigo mmoja wa kuni Maswa. Jibu langu ni kwamba vikundi vile vilifanya jambo ambalo vilabu vya kushona havikulifanya: viliacha kumhesabu mwanamke wa kijijini kuwa mwanafunzi, vikaanza kumhesabu kuwa shahidi. Lakini nakiri pia kwamba ushahidi wake ulibaki muda mrefu kwenye rafu, na ulikuwa wa lugha ya Kiingereza, na rafu zenyewe zilikuwa Dar es Salaam.

Wakati huo Usukumani watu walikuwa wakiuawa. Simeon Mesaki, mwanachuoni wa elimu ya jamii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1993 ilihusu mauaji haya, alionyesha kutokana na hesabu za serikali kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi walikuwa 3,693. Kati yao wanawake walikuwa 2,286. Sehemu kubwa kuliko zote ilitoka Usukuma, yaani katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati ule. Wengi walikuwa wanawake wazee, na wengi waliuawa usiku, kwa mapanga, na watu waliolipwa.

Imezoeleka kusemwa kwamba ajuza hawa waliuawa kwa sababu ya macho yao mekundu. Maneno hayo yanatufanya tucheke ujinga wa wauaji, kisha tusahau kuuliza macho yalikuwaje mekundu. Nchi ya Shinyanga ilikuwa na mapori. Katika miaka ya ukoloni mapori hayo yalifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, na baadaye yalifyekwa zaidi kwa ajili ya pamba na malisho, mpaka pakawa uwanda mtupu ambapo mti ni jambo la kuonyeshana kwa kidole. Mradi wa serikali wa kuirudishia Shinyanga miti yake, uitwao HASHI, ulianza mwaka 1986, ukafufua desturi ya ngitili, yaani hifadhi ya malisho ya Wasukuma wenyewe. Kabla ya hapo mwanamke aliyekosa kuni alipika kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na mabua ya mahindi, katika jiko lisilo na dirisha, kwa miaka arobaini au hamsini. Moshi huo ndio uliompa macho mekundu. Kazi aliyoifanya kuwalisha watu wa nyumba yake ilimwekea usoni alama ambayo baadaye ilisomwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Hata hivyo macho mekundu walikuwa nayo wanawake wengi, na si wote waliouawa. Mganga wa ramli alipoulizwa nani amemroga mtoto, mara nyingi jibu lilimwangukia yule ambaye kuwapo kwake kulimzuilia mtu jambo: mama mkwe, mke wa marehemu baba, mjane aliyekataa kuhama shambani. Sisemi kwamba kila mauaji yalikuwa ya ardhi. Ugonjwa na vifo vya watoto vilikuwa vya kweli, na hofu ilikuwa ya kweli. Lakini mtu ambaye sheria haimpi fungu, na ambaye anaishi juu ya fungu la mwingine kwa hisani, yuko katika hatari ambayo mwenye fungu lake hayuko. Tamko la 1963 halikumwua mtu. Lilimwacha mjane akiwa mgeni katika boma alilolijenga.

Serikali haikukaa kimya, lakini mkono wake ulikuwa mkono wa polisi. Mwaka 1976 palifanyika operesheni katika Mwanza na Shinyanga ya kuwasaka wauaji. Watu wengi walikamatwa, baadhi yao waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na wengine wakafa. Mwanzoni mwa 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuubeba wajibu wa jambo hilo, ingawa mwenyewe hakumgusa mtu. Kujiuzulu kwake kumebaki kuwa mfano wa uungwana katika siasa zetu, na ni haki kuwe hivyo. Lakini yafaa tukumbuke kwamba katika masimulizi hayo yote ya mawaziri na polisi, bibi wenyewe waliouawa wamekuwa sababu tu ya hadithi. Miaka michache baadaye wanavijiji wa Kahama na Shinyanga walianzisha sungusungu ili kuwakomesha wezi wa ng'ombe. Hata hao, walipogeuka kuwa mahakama za vijiji, waliketi wanaume kuamua na wanawake kuamuliwa.

Mwezi wa Februari 1990 yalitokea mambo mawili, moja Mlimani na moja Mwanza, ambayo sijaona mwandishi akiyaweka pamoja. Mlimani, mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa na kudhalilishwa na kundi la wanafunzi wanaume lililokuwa na desturi ya kubandika ukutani maandishi na picha za kuwafedhehesha wanawake. Wanawake wa chuo, ambao kwa miaka kumi walikuwa wameandika habari za mateso ya wanawake wa vijijini, waligundua kwamba mteswa mwingine alikuwa akilala katika mabweni ya jirani. WRDP na chama cha waandishi wa habari wanawake, TAMWA, kilichokuwa kimeundwa mwaka 1987, walipaza sauti, na neno unyanyasaji likaanza kuandikwa magazetini kwa maana tuliyo nayo leo.

Tarehe 22 ya mwezi huo huo, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya alitoa hukumu katika kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory. Huyu Holaria alikuwa mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza kwa sababu ya uzee na kukosa wa kumtunza. Mpwa wake akashtaki kwamba mwanamke hana haki ya kuuza. Jaji alisema kwamba mila hiyo inapingana na haki zilizotiwa ndani ya Katiba mwaka 1984 na mikataba ambayo Tanzania imeitia sahihi, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Kwa mara ya kwanza kanuni ya Tamko la 1963 ilishindwa mahakamani, tena katika mahakama ambayo mashauri ya Usukuma huletwa.

Tangu hapo huduma ya wanawake wasomi iligeuka ikawa huduma ya sheria. Haikuanza bila msingi. Kitivo cha Sheria cha Mlimani kilikuwa na Kamati ya Msaada wa Sheria tangu mwaka 1967, ambayo waalimu na wanafunzi waliwasaidia watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Mwaka 1989, chini ya SUWATA, shirika la uchumi la wanawake, ulianza mpango wa msaada wa sheria kwa wanawake peke yao, ambao baadaye ulijitegemea ukawa Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC. Wakati huo huo wanasheria wanawake waliunda chama chao, TAWLA. Wengi wa waliofanya kazi hizo walikuwa wametoka katika madarasa ya Mlimani. Kazi yenyewe haina mvuto wa kusimuliwa: benchi, foleni ya wanawake wenye watoto mgongoni, daftari, na swali lile lile kila asubuhi, je, cheti cha ndoa unacho?

Wengine walitaka zaidi ya benchi. Mwaka 1995 liliandikishwa Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, mwenyekiti wake akiwa Anna Tibaijuka, mwalimu wa uchumi wa Chuo Kikuu. Baraza hilo lilizaliwa ndani ya Umoja wa Wanawake wa chama tawala, lakini lilikataa kuwa mtoto mtiifu. Katika mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi liliwahimiza wanawake wawapime wagombea kwa wanayowafanyia wanawake, na suala la ardhi na mirathi lilikuwa mbele. Mwaka 1996 lilisimamishwa kwa madai kwamba linafanya siasa, na mwezi wa Juni 1997 likafutwa katika daftari la vyama. Lilikwenda mahakamani; na Mahakama Kuu ilipolipa haki yake mwaka 2009, ilikuwa imepita miaka kumi na miwili, na wanachama walikuwa wametawanyika. Naliona jambo hili kuwa hasara kubwa kuliko inavyokubaliwa, kwa sababu BAWATA lilikuwa limekusudia kufika wilayani kwa nguvu za wanawake wenyewe, na baada yake kazi ilirudi kwa mashirika ya mjini yenye wafadhili. Mashirika hayo yalifanya kazi njema: Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilizompa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kuitumia ardhi sawasawa na mwanamume zimebeba jasho lao. Lakini sheria hizo zilihusu ardhi. Hazikuligusa Tamko la mirathi.

Na huku nyuma nchi ya dhahabu ilikuwa imeamka. Mgodi wa Geita wa wakati wa ukoloni ulifungwa mwaka 1966, na kwa miaka ishirini hivi watu walirudi kwenye pamba na mihogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 biashara ya madini ilipolegezwa, maelfu ya watu waliikimbilia Kahama na Geita: Bulyanhulu, Mgusu, Nyarugusu, Rwamagasa. Mwezi wa Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kumpisha mwekezaji. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Mwanamke hakuwa mbali na shughuli hizo, ila hakukaribishwa duarani. Ilisemwa, na katika machimbo mengine bado husemwa, kwamba mwanamke akiingia shimoni dhahabu hukimbia. Kwa hiyo alitwanga mawe, alibeba maji, aliosha marudio, yaani mchanga ambao wanaume wamekwisha kuutoa dhahabu yake ya kwanza, aliishika zebaki kwa mikono mitupu, na aliwapikia wachimbaji. Mwaka 1997 wanawake wachimbaji waliunda chama chao, TAWOMA, ili nao waweze kupata leseni kwa majina yao. Nao wasomi walifika. Deborah Bryceson, ambaye mwaka 1978 alikuwa ameandika pamoja na Mbilinyi juu ya mabadiliko ya kazi za wanawake wa Tanzania katika uzalishaji, miaka thelathini baadaye alikuwa akichunguza, pamoja na Jesper Bosse Jønsson, maisha ya wachimbaji wadogo na ndoa zao.

Nazitaja ndoa hizo kwa makusudi. Katika makazi ya wachimbaji mwanamume na mwanamke huishi pamoja bila mahari wala cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, husema kwamba watu walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kuhesabiwa kuwa mume na mke hudhaniwa kuwa wameoana, isipokuwa ushahidi uonyeshe vinginevyo. Kifungu hicho kimewasaidia wanawake wengi katika kuachana. Mwanamume akifukiwa na kifusi, swali huwa jingine: jamaa zake hushuka kutoka kijijini kwao, na mkononi wana Tamko la 1963, hata kama hawajui jina lake. Huwa si ukatili kila mara. Shemeji mwingine huamini kwa moyo wake wote kwamba anailinda mali ya watoto wa ndugu yake.

Hayo ndiyo yaliyowapata wanawake wawili wa Shinyanga. Wote waliolewa na Wasukuma, wote walifiwa wakiwa vijana na wenye watoto wadogo, na wote walitolewa katika nyumba zao na jamaa za waume zao, kwa kanuni za mila. Walikwenda kwa wanasheria wa WLAC. Wakati huo wanafunzi na waalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, katika darasa lao la vitendo la haki za wanawake, walikuwa wamefanya uchunguzi juu ya mirathi ya Tanzania, na Tamar Ezer aliandika mwaka 2006 makala marefu kuhusu namna sheria hiyo inavyowafukarisha wajane na mabinti. Vyuo viwili, kimoja kwa wahitimu wake na kingine kwa wanafunzi wake, vilikutana katika jalada la wajane wawili. Mwaka 2005 waliifikisha kesi Mahakama Kuu, wakiomba kanuni zile zitangazwe kuwa kinyume cha Katiba.

Hukumu ilitoka Septemba 2006. Mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo zinawabagua wanawake. Lakini ilikataa kuzifuta, kwa hofu kwamba ikigusa mila moja itafungua kasha ambalo haliwezi kufungika tena, na mila za makabila zaidi ya 120 zitafuata njia hiyo hiyo. Nimeisoma hoja hiyo mara kadhaa nikijaribu kuielewa kwa upande wa majaji. Wapo wanaosema, na si wajinga, kwamba mila hubadilika kwa watu kuzungumza, si kwa amri ya mahakama. Ningekubaliana nao lau kanuni zile zingekuwa bado vinywani mwa wazee. Zilikwisha kutolewa huko mwaka 1963, na zilitolewa na Serikali.

Wajane wakakata rufaa mwaka 2007. Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao mwaka 2010 kwa sababu ya kasoro ya tarehe katika hati ya amri ya Mahakama Kuu, kasoro ambayo wajane hawakuiandika wao. Hapo njia za nchini zikawa zimekwisha. Tanzania ilikuwa imeuridhia Mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1985, na mwaka 2006 ikauridhia Itifaki yake ya Hiari, inayomruhusu mtu mmoja mmoja kupeleka malalamiko mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa. Shauri likapelekwa huko, likaandikishwa kuwa Namba 48 ya mwaka 2013. Katika maandishi ya Kamati wajane hawatajwi kwa majina. Kila mmoja ana herufi mbili tu, E.S. na S.C.

Tarehe 2 Machi 2015 Kamati ilitoa uamuzi wake. Ilisema kwamba kwa kuacha kanuni hizo ziendelee, na kwa kuwanyima wanawake hao njia ya haki mahakamani, Tanzania ilikuwa imeuvunja Mkataba. Ikaitaka Serikali iwape fidia, na ihakikishe kwamba sheria za mila za mirathi zinafutwa au kurekebishwa, zimpe mjane na binti haki sawa na ya mwanamume. Siku hiyo Tamko la 1963 lilikuwa na umri wa miaka 52, na kanuni yake juu ya wajane ilikuwa haijabadilishwa hata neno moja.